Namna DJ anavyochagua na kuandaa muziki wa harusi: mwongozo kamili

Harusi ya Dar es Salaam ni kazi ngumu kuliko klabu. Klabu watu wamefuata muziki, umri wao unakaribiana, na hakuna anayekuzima katikati ya wimbo ili wazazi wa bwana harusi watambulishwe. Ukumbini una bibi aliyesafiri kutoka Rombo, mabinamu wa Mbagala wanaosubiri singeli, mchungaji au shehe meza ya mbele, wafanyakazi wenzake bibi harusi, na MC mwenye ratiba yake mkononi. Wote ni wageni wako kwa saa tano au sita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna anayecheza.

Kwa hiyo kazi yenyewe hufanyika nyumbani, siku kadhaa kabla. Mwenye nyimbo 20,000 kwenye laptopu ambaye hajui upi unaanza na sauti ya mwimbaji na upi una biti tupu kwa sekunde 30 atahangaika sana. Mwenye nyimbo 200 anazozijua kichwa na mkia atakuwa ametulia, na mtu aliyetulia ndiye anayepata nafasi ya kuutazama ukumbi. Haya hapa maandalizi, kwa mpangilio ninaoufuata mimi.

Hatua ya kwanza: kaa na kamati, kisha kaa na maharusi

Vikao hivi viwili havibadilishani. Kamati itakupa ratiba, jina la MC, ukumbi, saa ya kufunga, na nani analeta mitambo. Maharusi watakuambia wanachokipenda. Ukiongea na kamati peke yake utapiga harusi ya mwenyekiti wa kamati.

Uliza makabila ya pande zote mbili, dini, na kama kuna mgawanyiko wa dini ndani ya familia moja. Uliza kama ukoo utaingia na ngoma yake wakati wa zawadi. Kisha uliza swali ambalo ma-DJ wengi hulisahau: nyimbo gani hazitakiwi kabisa? Kuna wimbo wa msiba uliopigwa nyumbani kwao juzi. Kuna wimbo wa mapenzi uliokuwa wa mtu mwingine. Kuna familia ambayo haitaki kusikia tusi hata moja, na nyingine haitaki muziki wa dunia kabla mchungaji hajaondoka. Andika orodha hiyo na uiheshimu kuliko orodha ya nyimbo za lazima.

Kuhusu nyimbo za lazima (kuingia, keki, kufungua muziki), usikubali kupewa jina tu. Mwambie bibi harusi akutumie wimbo wenyewe WhatsApp. Majina ya nyimbo hurudiwa mno, na wimbo mmoja unaweza kuwa na toleo la studio, la jukwaani na la kwaya. Halafu tafuta shangazi. Kila familia ina shangazi mmoja anayejua nyimbo zinazowainua wazee wa ukoo ule, na dakika chache za simu naye zina faida kuliko saa nzima ya kubahatisha mtandaoni.

Hatua ya pili: gawa usiku kwa matukio

Wengi hupanga mafolda kwa aina ya muziki: bongo fleva, taarab, amapiano, injili. Mpangilio huo unafaa kwenye maktaba kuu. Kwa usiku wa kazi tengeneza mafolda mapya yanayofuata matukio, na uyape namba ili yakae kwa mfuatano: 01 Wageni wanafika, 02 Wazazi na kamati wanaingia, 03 Maharusi wanaingia, 04 Keki na shampeni, 05 Chakula, 06 Zawadi, 07 Kufungua muziki, 08 Wazee, 09 Katikati, 10 Vijana, 11 Kufunga. MC akitamka "sasa tunaelekea kwenye keki," hutakuwa na muda wa kukumbuka wimbo uko folda gani.

Fanya hesabu ya idadi. Kama muda wa kucheza ni saa mbili na kila wimbo unakaa dakika tatu hewani, utapiga nyimbo 40 hivi. Andaa mara mbili yake, 80, ili uwe na pa kugeukia. Kwa chakula na mapokezi ongeza nyingine 40. Zaidi ya hapo unajibebesha mzigo wa kuchagua wakati mikono ina kazi.

Kuingia kwa maharusi kunastahili uangalizi wa pekee. Fika ukumbini mapema, tembea kutoka mlangoni hadi meza kuu kwa mwendo wa pole huku unapima muda kwa simu. Wasimamizi na watoto wa maua wanatangulia, wapiga picha wanasimamisha msafara, akina mama wanaingilia kwa vigelegele. Wimbo mmoja mara nyingi hautoshi. Andaa wa pili wenye mwendo unaokaribiana na wa kwanza na hisia ileile, uwe tayari kwenye mashine ya pili kabla mlango haujafunguliwa. Kama wimbo waliouchagua una utangulizi mrefu wa kinanda kabla biti haijaingia, muulize MC: watembee kwenye kinanda au wasubiri biti? Maharusi wenyewe wanapaswa kujua jibu kabla ya siku.

Chakula ni wakati wa watu kuongea. Weka rumba, zilipendwa za taratibu, taarab ya zamani isiyo na mipasho mikali, au injili ya kuabudu ikiwa familia inataka, sauti iwe chini kiasi kwamba watu wa meza moja hawapandishi zao. Pia hifadhi nyimbo tano au sita zisizo na uimbaji kabisa, za kuweka chini ya sauti ya MC. Mwimbaji na MC wakiongea pamoja hasikiki hata mmoja. Matoleo ya karibuni ya programu za DJ kama Serato na VirtualDJ yanaweza kutenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo papo hapo, lakini ni salama zaidi kuandaa faili mapema kuliko kuitwisha laptopu kazi hiyo MC akiwa hewani.

Hatua ya tatu: pata faili zenye ubora

Spika ndogo ya chumbani huficha makosa ambayo spika za ukumbi huyatangaza. Lenga MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, au WAV, au FLAC kama mashine zinaisoma. Kipimo cha haraka ni ukubwa wa faili: MP3 ya 320 huchukua takriban MB 2.4 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne unapaswa kukaribia MB 10. Ukiuona una MB 4, huo ni wa 128. Kuubadilisha uandikwe 320 hakurudishi kilichopotea, kunaongeza uzito tu.

Ukitaka uhakika, fungua faili kwenye Spek, programu ya bure inayochora masafa ya sauti. Wimbo uliobanwa sana utaonekana umekatwa kama kwa kisu karibu na kilohezi 16, na juu yake giza tupu. Nyimbo za aina hiyo nyingi zimetolewa kwenye video za mtandaoni.

Nunua pale inapowezekana: iTunes, Bandcamp, Beatport kwa hausi na amapiano, au moja kwa moja kwa msanii na prodyuza wake. Singeli nyingi husambaa kwa flashi na WhatsApp kutoka studio za Tandale na Manzese, na prodyuza ukimfuata kwa heshima na malipo mara nyingi anakupa faili safi kuliko yoyote iliyoko mtandaoni. Nyimbo ulizopakua ndani ya programu za kusikilizia kama Spotify na Boomplay hubaki ndani ya programu hizo, na mtandao wa ukumbini usiuamini. Na kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki juu ya wimbo wake unapopigwa hadharani, kwenye makubaliano na kamati andikeni ni nani anayeshughulikia vibali, wao, ukumbi au wewe.

Ngoma ya ukoo mara nyingi utaipata kama rekodi ya simu. Ifungue kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kata maneno na ukimya wa mwanzo, punguza mngurumo ulio chini ya hezi 80, pandisha kiwango cha sauti, kisha isikilize tena kwa spika. Haitakuwa nzuri kama ya studio. Wanaukoo hawatajali, wakisikia ngoma yao watainuka.

Hatua ya nne: safisha maktaba

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu ni usafi wa kawaida. Jina la msanii na la wimbo viandikwe kwa mtindo mmoja, futa matangazo ya tovuti kwenye majina, ondoa nakala mbilimbili. Tenga matoleo safi na yenye matusi kwa rangi tofauti. Kwenye sehemu ya maoni andika maneno yako mwenyewe yatakayokusaidia gizani: "wazee wanainuka", "anaanza na sauti", "mwisho wa ghafla", "akina mama wa Tanga".

Hatua ya tano: mapigo na kii

Acha programu (rekordbox, Serato, Traktor au VirtualDJ) ichambue nyimbo zako, kisha wewe ukague matokeo yake. Bongo fleva nyingi ziko kati ya mapigo 90 na 110 kwa dakika, yaani BPM. Amapiano hukaa 110 hadi 115. Hausi ni 120 hadi 128. Singeli huanzia karibu 200 na kuna zinazogusa 300. Programu mara nyingi hukosea kwa kusoma nusu au mara mbili: singeli ya 220 ikaandikwa 110, rege ya 75 ikaandikwa 150.

Kosa hilo la kompyuta lina siri nzuri ndani yake. Amapiano ya 112 na singeli ya 224 zina mapigo yanayolingana, moja inapiga mara mbili ya nyingine. Chukua amapiano inayoelekea mwisho, sehemu iliyobaki shaker na besi, ingiza singeli kwa ngoma zake peke yake huku umepunguza besi yake, iache baa nane (baa ni kundi la mapigo manne), kisha badilisha besi kwa mkupuo mmoja mwanzoni mwa baa ya tisa. Vijana watapokea mwendo mpya bila miguu kukwama. Nimeona watu wakihangaika kuvuka kutoka 112 kwenda 224 kwa kusimamisha muziki na kupiga honi. Hesabu ya mara mbili inakuvusha bila kelele.

Kuhusu kii, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, programu hukuonyesha kwa mfumo wa Camelot, namba 1 hadi 12, herufi A kwa maina (yenye hisia ya huzuni) na B kwa meja (yenye hisia ya furaha). Wimbo wa 8A unakaa vizuri na 8A mwingine, 7A, 9A na 8B. Mfumo huu unasaidia pale melodi mbili zinapokutana, kwa mfano rumba juu ya rumba au injili juu ya injili. Unapounganisha ngoma kwa ngoma, bila kinanda wala sauti, kii haina uzito mkubwa. Na kumbuka kwamba ukibadilisha mwendo wa wimbo kwa asilimia 6 bila kufunga kii, sauti yote inapanda au kushuka kwa karibu nusu toni. Washa kifungo cha kufunga kii, lakini usivuke asilimia 5 au 6, kwa sababu sauti ya mwimbaji huanza kukwaruza.

Kii inapogombana na ukumbi, mwachie ukumbi. Kama wazee wamesimama wanasubiri wimbo fulani, upige, hata kama namba zinakataa. Kata kwa usafi mwishoni mwa baa na uende.

Hatua ya sita: weka alama ndani ya wimbo

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Sikiliza kila wimbo wa orodha yako kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata unaodhani unaujua. Muziki wa kucheza huhesabika kwa mapigo manne kwenye baa, na mabadiliko makubwa huja baada ya baa 8 au 16. Ndani ya programu yako ya DJ weka alama za kurukia: ya kwanza pale mapigo yanapoanza kweli, ya pili kwenye kiitikio, ya tatu kwenye sehemu isiyo na sauti ya mwimbaji, ya nne pale unapotaka kutokea. Tumia rangi zilezile kwa nyimbo zote: kijani kuingia, nyekundu kutoka.

Bongo fleva za sasa huwahi. Mwimbaji anaingia sekunde chache tu baada ya wimbo kuanza, na dakika mbili na nusu baadaye umekwisha. Huna pa kuunganishia. Dawa ni kutafuta baa 4 au 8 za biti tupu ndani ya wimbo, kuzirudia mara mbili, na kuzibandika mwanzoni kwa Audacity au programu yako ya DJ. Hifadhi faili mpya kwa jina lenye "intro" mwishoni. Nyimbo 15 zilizotengenezwa hivyo zitakuokoa usiku mzima.

Zilipendwa zinadai zaidi. Rekodi nyingi za bendi za dansi za miaka ya 1970 na 1980 zilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga pamoja, bila mashine ya kushika mwendo. Mpiga dramu akipandwa na mzuka, mwendo nao unapanda. Wimbo unaweza kuanza 108 na kumaliza 116. Ukiuachia rekordbox kwa uchambuzi wa kawaida, mistari ya mapigo itaanza sawa na dakika ya tatu itakuwa imeachana na muziki kabisa. Chagua uchambuzi unaofuata mabadiliko ya mwendo, kisha pita mwenyewe urekebishe. Na kwenye nyimbo hizi zima sync, ile inayolinganisha mwendo wa nyimbo yenyewe, tumia sikio.

Kisha angalia muundo wake. Wimbo wa dansi unaweza kufika dakika saba au nane: mashairi kwanza, taratibu, halafu chemko, pale magitaa yanapoachiwa na tarumbeta zinaitikiana. Wazee wanasubiri chemko. Weka alama mapigo 16 kabla ya chemko kuanza, ili wakishainuka kwa mashairi uweze kurukia pale kabla hawajachoka. Weka nyingine katikati ya chemko kwa ajili ya kutoka, pale gitaa la solo linaporudia mchoro mmoja.

Kagua pia kama rekodi imegawa vyombo kushoto na kulia. Kumbi nyingi zimeungwa kwa laini moja. Kama sauti ya mwimbaji iko upande wa kulia tu na mitambo inachukua kushoto, ukumbi utasikia bendi isiyo na mwimbaji. Zigeuze faili hizo ziwe mono, yaani sauti ileile pande zote mbili, ukiwa nyumbani.

Hatua ya saba: unda mafungu, usiunde orodha ndefu

Orodha ya nyimbo 40 iliyopangwa toka wa kwanza hadi wa mwisho huvunjika MC anapokatiza mara ya kwanza. Mimi hupanga mafungu ya nyimbo tatu au nne ambazo nimeshazijaribu pamoja na najua zinaingiana wapi. Fungu la rumba ya Kongo likimalizikia kwenye sebene, fungu la injili ya sifa, fungu la taarab ya akina mama, fungu la bongo fleva za miaka ya 2000, fungu la amapiano, fungu la singeli. Kati ya mafungu weka nyimbo za daraja, zile ambazo kijana na mama yake wote wanazijua. Hizo ni chache, zitafute kwa bidii na usizimalize mapema.

Baada ya maharusi kufungua muziki, anza na wazee. Wao huondoka mapema, na wakicheza wao kwanza watoto wao watakuja kuwapiga picha, kisha watabaki uwanjani. Wape nusu saa yenye heshima kamili. Katikati changanya. Singeli ipeleke mwishoni na kwa vipande vya dakika 8 hadi 10, kwa sababu mwendo ule unamaliza pumzi hata kwa mwenye miaka 20. Ukiitoa, shuka kwenye amapiano ili wapumue wakiwa bado wanacheza.

Hatua ya nane: nakala, mazoezi, na siku yenyewe

Toa orodha kwenye flashi mbili zinazofanana, zote zikiwa na mfumo wa faili wa FAT32, maana ndio unaosomwa na mashine nyingi za DJ za CDJ na XDJ, mpya kwa za zamani. Ya tatu ni simu yenye miksi ya saa moja na waya wake, kwa dharura. Jaribu flashi kwenye mashine halisi kabla ya siku. Usisasishe programu wiki ya kazi.

Fanya mazoezi ya viungo, yaani mahali fungu moja linapokutana na jingine, na mazoezi ya kukatizwa: simamisha wimbo popote, ongea dakika mbili, rudi na kitu chenye nguvu. Harusini hilo litatokea mara nyingi kuliko miksi ndefu.

Ukumbini, kaa na MC kabla wageni hawajafika. Kubalianeni ishara ya kupunguza, ya kuzima na ya "niongezee muda". Piga wimbo mmoja wa zamani na mmoja wa sasa usikie tofauti ya kiwango, maana rekodi za kale huwa chini. Rekebisha kwa geini, kidhibiti cha nguvu ya sauti ya kila wimbo, taa za kiwango cha sauti zibaki kijani, ziguse njano tu kwenye kilele. Ukiwasha mitambo, amplifaya iwe ya mwisho, ukizima iwe ya kwanza. Umeme ukikatika, shusha sauti kuu kabla jenereta haijashika, usije ukaua spika.

Kesho yake fungua historia ya usiku ambayo programu au flashi imehifadhi. Ipitie ukiwa bado unakumbuka: weka alama nyimbo zilizojaza uwanja, andika umri wa waliosimama, na ondoa zile ulizozibeba bila kuzigusa. Wimbo ulioombwa na watu wawili ukawa huna, utafute siku hiyohiyo, usikilize wote, uwekee alama, uingie kwenye fungu lake kabla ya kikao kijacho na kamati nyingine.